Ozoni inakaa huko juu kwa nini? Maswali yenye fundi wa friji anaulizwa kila wiki

Mimi ni fundi wa friji na friza hapa Kisumu, na wateja wangu wengi ni akina mama wa samaki. Friza ikikufa Ijumaa na imejaa samaki wa matanga ya kesho, hapo hakuna mtu anataka kuskia habari ya anga. Lakini wakiniona navuta ile gesi ya zamani naiweka kwa silinda badala ya kuiachilia tu ipulize nje, maswali yanaanza, na la kwanza kabisa huwa "fundi, kwani ukiiachilia itakufanya nini?" Nikitaja tu ozoni basi tumeingia darasani, na watoto wa shule wakiwa karibu ndio kabisa hatutoki. Nimechoka kurudia rudia, kwa hivyo nimeandika hapa yale ninayoulizwa zaidi. Ukiwa na haraka ruka uende kwa swali lako, ila lile la pili usiliruke maana mengine karibu yote yanaegemea hapo.

Kwanza, ozoni ni kitu gani?

Ni oksijeni tu, ile ile unapumua, imepangwa vingine. Oksijeni ya kawaida ni atomu mbili zimeshikana, ozoni ni tatu. Fikiria pikipiki: dereva na abiria mmoja inatulia, ongeza mwingine bado itaenda lakini inayumba, na tuta dogo tu mtu yuko chini. Ozoni ndio hiyo. Ile atomu ya tatu inatafuta tu sababu ya kushuka, na popote itakaposhukia inaunguza kitu, iwe ni mpira wa tairi, jani la sukuma ama mapafu yako.

Na ni kidogo ajabu. Hewa yetu asilimia 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, ozoni haiingii hata kwa hesabu. Hata huko juu pale imejaa zaidi, ukichukua molekuli milioni moja za hewa utapata ozoni kama nane ama kumi hivi. Watu wakiskia "tabaka la ozoni" wanaona blanketi la ozoni tupu limetandazwa angani, lakini ile ni hewa ya kawaida imetiwa ozoni kidogo kama iliki kwa chai.

Sasa mbona iko juu huko na si huku chini kwetu?

Inatengenezewa huko. Wengi wanadhani ilitoka huku chini ikapanda kama moshi, ama iliwekwa pale siku moja kama neti ya mbu ikabaki hapo tangu zamani. Aaah. Inatengenezwa huko juu leo, saa hii jua likiwaka, inavunjwa huko huko, na kesho itatengenezwa tena.

Jibu refu linaanzia ziwani. Umewahi simama Dunga, ufuko wa hapa Kisumu, usiku usio na mwezi ukaona zile taa mbali kwa maji utadhani mji umehamia huko? Hao ni wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, lakini mchezo ni ule ule, taa juu, omena chini, wavu katikati. Sasa chukulia mwanga unaingia kwa maji na unavyozidi kushuka ndivyo unavyokwisha, halafu chukulia omena wengi wamelala chini. Pale juu kabisa mwanga ni wa kutosha lakini omena ni wa kuhesabu na vidole, kule chini omena wamejaa tele lakini ni giza. Mtu mwenye akili atatega pale mwanga haujaisha na omena wameanza kuwa wengi, na hapo katikati ndipo atajaza boti.

Anga ni hivyo hivyo, taa ni jua na omena ni oksijeni. Jua linatuma mwanga wa kila aina, mmoja wapo ni ule hatuuoni wa UV, vitabu vinauita urujuanimno. Ndani ya huo UV kuna ule mkali kabisa, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 242 hivi, huo ndio una nguvu ya kupasua molekuli ya oksijeni ikawa atomu mbili zinazotangatanga. Bila huo hakuna kitu kinaanza. Na huo mwanga mkali unaliwa na hewa ukiwa njiani, hadi ufike kwa mabati ya nyumba zetu hakuna hata chembe imebaki. Kwa hivyo huku chini tuna oksijeni nyingi sana lakini hakuna wa kuipasua, ni giza la UV mkali hata saa saba mchana na jua la Kisumu limekupiga utosini.

Basi kwa nini isiwe juu zaidi, kilomita 80, kilomita 100, penye mwanga haujaguswa? Hapo ndipo watu wengi huishia katikati ya maelezo. Huko hewa imeisha. Ukifika kilomita 25 imebaki kama asilimia mbili na nusu tu ya ile tunayopumua hapa, na kilomita 50 hata moja kwa elfu haifiki. Atomu ikishapasuliwa inataka kukutana na molekuli ya oksijeni ndio wawe watatu, sasa itakutana na nani kwa uwanja mtupu?

Na hata wakikutana bado haitoshi, hii ndio sehemu mimi hupenda. Wakigongana wanakuwa na nguvu nyingi kupita kiasi, wanaachana hapo hapo kabla hata hujawapongeza. Inabidi awepo wa tatu, molekuli yoyote ile, hata naitrojeni ambayo haina habari na ndoa ya watu, awaguse achukue ile nguvu ya ziada aende nayo kama joto. Huku kwetu huyo tunamjua, ni jagam, yaani mshenga. Bila jagam ndoa haikai. Na huko juu sana majagam ni wachache kwa vile hewa yenyewe ni nyembamba, huku chini majagam wamejaa kila kona lakini bibi na bwana hawajatokea. Penye mwanga unapasua na hewa bado inatosha kuunganisha ndipo ozoni inajaa, yaani kama kilomita 20 hadi 25, na huku Ikweta inasogea juu kidogo, karibu 25 na kupita. Karibu asilimia 90 ya ozoni yote ya dunia iko kwa ile ghorofa inaitwa stratosfia, hiyo 10 inayobaki imetawanyika huku chini kwetu kwenye mawingu na mvua.

Aliyepanga hesabu hii ya mwanga na hewa ni Sydney Chapman wa Uingereza, mwaka wa 1930. Baadaye wengine waliongeza kwamba kuna gesi zingine zinaila ozoni, lakini mfupa wa hadithi ni wake.

Na inatukinga vipi kama inavunjika vunjika hivyo?

Kuvunjika kwenyewe ndio kinga. Ozoni ikipigwa na UV inameza ile miale na kutengana, oksijeni moja na atomu moja, halafu ile atomu inapata oksijeni nyingine na jagam mwingine, ozoni imerudi. Kilichopotea ni ule UV, umegeuka joto. UV iko ya ngazi tatu: UV-C ile kali zaidi yote inaishia huko, UV-B ya katikati nyingi yake, UV-A ile pole inapita tu kama mtu hajaskia anaitwa. Ndio maana ngozi bado inaungua hata kama kinga iko.

Lile joto si kidogo. Ukipanda kutoka hapa baridi inazidi, hadi karibu kilomita 17 juu ya Ikweta ni kama 80 chini ya sifuri, halafu ghafla ukiendelea kupanda joto linaanza kurudi, na kilomita 50 uko karibu na sifuri tena. Ni ozoni inapasha.

Usiku jua likizama si itaisha?

Hapana. Bila jua haitengenezwi lakini pia mwanga wa kuivunja haupo, kwa hivyo inangoja asubuhi. Pale kwenye tumbo la tabaka ozoni inaweza kukaa miezi.

Fundi, ozoni si ni nzito kuliko hewa? Mbona haishuki?

Hili liliulizwa na kijana wa Form Three na nilimpa soda. Ni kweli, molekuli ya ozoni ina uzito wa 48 na hewa kwa wastani ni 29. Lakini gesi hazijipangi kama mawe na maji. Upepo na misukosuko inazikoroga bila kupumzika, hadi karibu kilomita 100 juu hewa imechanganyika sawasawa, nzito kwa nyepesi. Kama uzito ndio ungeamua basi kabonidayoksaidi yenye 44 ingekuwa imelala hapa chini kama ukungu na sisi sote tungekuwa tumekufa zamani.

Kuna kiasi kinashuka, sikatai, lakini polepole sana, kwa vile stratosfia imejipanga na hewa ya joto juu na ya baridi chini, na hewa iliyopangwa hivyo haipendi kupinduka. Ile inayofika huku inakutana na majani, udongo, vumbi, unyevu, na kila kitu inachogusa kinaimaliza. Kwa hivyo juu inatengenezwa kwa wingi na huku chini inamalizwa haraka, ongeza hiyo kwa lile jibu la omena.

Naweza kuifikia nikipanda Mlima Elgon ama kwa ndege?

Elgon ni mita 4,321, hujafika hata robo ya njia. Ndege kubwa zinaruka kilomita 10 hadi 12, na hapa Ikweta stratosfia inaanza kilomita 16 ama 17, kwa hivyo bado uko chini yake.

Lakini kuna njia ya kuona kazi yake bila kulipa nauli. Jioni wingu la radi likijijenga upande wa ziwa, lile kubwa linapanda kama koliflawa, liangalie sana. Linapanda, linapanda, halafu likifika mahali fulani linakataa, linaanza kutandaa pande zote likawa bapa kama fuawe ya mhunzi. Pale limegonga paa. Hewa iliyo juu ya hapo ina joto kuliko wingu lenyewe kwa ajili ya ozoni, basi wingu halina nguvu ya kupenya. Mimi nimeona hayo mawingu tangu nikiwa mtoto nikitumwa kuanua omena kabla mvua haijafika, na hakuna siku nilijua naangalia paa la ozoni.

Kama mwanga unaisha njiani, hii harufu baada ya radi inatoka wapi?

Radi ni umeme, na umeme pia unaweza kupasua oksijeni, hauhitaji UV. Ndio maana ozoni kidogo inatokea huku chini penye cheche: radi, mashine ya fotokopi ikifanya kazi siku nzima kwa kibanda kisicho na dirisha, na mafundi wa kuchomelea pale soko la Kibuye, ambao mwali wao unatoa hata UV, ndio ule unachoma macho usiku ukaona mchanga umejaa ndani. Harufu yake ni kali kidogo, inakaa kama klorini kwa mbali. Jina lenyewe ni la harufu, lilitolewa na mkemia wa Basel, Christian Friedrich Schönbein, aliyeinusa kwenye majaribio yake ya umeme mwaka wa 1839, kwa Kigiriki ni kitu kama "kunuka".

Msichanganye na ile harufu tamu ya udongo mvua ikianza kudondoka, hiyo ni ya udongo wenyewe, ozoni haimo.

Mbona wengine wanasema ozoni ni sumu?

Ni sumu ukiivuta. Magari yakitoa moshi, watu wakichoma miwa Muhoroni, na jua likapiga ule moshi, ozoni inatokea huku huku mitaani kwa njia nyingine tofauti, na hiyo inasumbua wenye asma na kuharibu mimea. Ni gesi moja, kazi mbili, inategemea iko wapi.

Halafu lazima mtu aseme "si tuikusanye tuitume juu". Boss, ozoni yote angani ni kama tani bilioni tatu. Utatumia lori gani.

Hilo tabaka ni nene kiasi gani? Na sisi huku tunayo ya kutosha?

Imesambaa kwa kilomita nyingi, lakini ukiikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako ukaishusha hapa chini ikabanwa na uzito wa hewa ya kawaida kwa baridi ya sifuri, itakuwa milimita tatu. Tatu tu, kama shilingi kumi mbili hivi zikipandana. Kipimo chake kinaitwa Dobson, kwa jina la G. M. B. Dobson aliyetengeneza mashine ya kuipima miaka ya 1920, na milimita tatu ni Dobson 300.

Sasa shangaa. Sisi wa Ikweta tuna jua kuliko wote, na ozoni nyingi ya dunia inatengenezewa juu yetu, lakini yetu ni kidogo, kwa Kenya inacheza 250 na kitu, wakati nchi za kaskazini mwishoni mwa baridi zinapita 400. Kwa nini? Upepo wa huko juu. Hewa inapanda polepole hapa Ikweta, inabeba ozoni inaenda nayo kaskazini na kusini, inaishusha karibu na ncha za dunia. Ni kama mahindi, yanalimwa Kitale lakini maghala yako kwingine na unga unauziwa wewe na bei ya juu.

Jumlisha ozoni kidogo, jua limesimama wima, na mwinuko. Kisumu tuko kama mita 1,130, Nakuru 1,850, na kila mita elfu UV inaongezeka kwa asilimia kumi hivi. Kwa hivyo watu wa Nakuru msidanganywe na baridi ya asubuhi, jua lenu la saa sita ni kali kuliko letu hata kama halikutoi jasho. Weusi wa ngozi unasaidia lakini macho hayana weusi, na ndugu zetu wenye ualbino hawana hiyo kinga kabisa, kofia pana na mikono mirefu na losheni kwao ni kama chakula.

Gesi ya friji inahusika wapi? Si friji iko huku chini?

Hapa ndio kazi yangu. Zile friji za zamani zilikuwa na gesi ya R12, ni moja ya zile zinaitwa CFC, ambazo zina klorini ndani. Fundi yeyote wa zamani atakuambia ilikuwa gesi tamu: haiwaki, hainuki, haili bomba, ukiivuta kidogo hakuna kitu. Shida yake ilikuwa ule upole. Kwa vile hakuna kitu huku chini kinaweza kuivunja, haioshwi na mvua, hailiwi na udongo, inakaa hewani, R12 ni kama miaka mia. Na kwa miaka mia upepo una nafasi ya kuikoroga hadi stratosfia, hata kama ni nzito mara nne ya hewa.

Ikifika huko inakutana na ule ule UV mkali unaotengeneza ozoni. Mwanga ambao huku chini haufiki ndio unaipasua, klorini inatoka. Klorini inachukua atomu moja kwa ozoni, inaiachia oksijeni nyingine, inabaki huru inarudi kazini. Atomu moja ya klorini inaweza kumaliza ozoni kama laki moja kabla haijashikwa na kitu. Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika hili mwaka wa 1974, kampuni za kemikali zikawacheka, na mwaka wa 1995 wakapewa Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Kwa hivyo mimi nikivuta ile gesi na silinda sijifanyi msomi. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, yule alinifunza alikuwa anakata bomba na plaizi, pssss, anaenda kunywa chai hadi ikiisha. Mimi pia nimefanya hivyo, friji sijui ngapi, na zingine za hizo gesi bado ziko huko juu zinazunguka nikiandika hapa.

Shimo la ozoni liko juu ya Kenya?

Hapana. Liko Antaktika, kule ncha ya kusini ya dunia, na hata huko si shimo la kuona upande wa pili, ni ozoni kupungua sana kila mwaka kati ya Septemba na Novemba halafu inajazwa tena. Lilitangazwa mwaka wa 1985 na Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, waliokuwa wakipima kwa mashine ya Dobson kituo cha Halley, huko huko Antaktika.

Kwa nini huko penye hakuna friji hata moja? Baridi. Wakati wa majira ya baridi upepo unazunguka ncha kama ukuta, ndani baridi inapita 78 chini ya sifuri na mawingu membamba ya barafu yanatokea ndani ya stratosfia. Juu ya hizo chembe klorini iliyokuwa imefungwa salama inafunguliwa, inangoja tu, na jua la kwanza likirudi Septemba inaanza kazi kwa pamoja. Huku kwetu stratosfia haina hayo mawingu.

Ni hilo shimo linatuletea joto na kiangazi?

Nimeskia hadi kwa redio, na ni makosa. Joto la dunia kuongezeka ni mambo ya kabonidayoksaidi na gesi zingine zinazoshika joto lisitoke, hata kama ozoni ingekuwa kamili bado tungekuwa na hiyo shida. Zinapokutana ni kwenye gesi za friji. R12 na R22, ile ya eyasii (AC) za zamani, zinakula ozoni na pia zinashika joto, kilo moja ya R22 inashika kama kilo 1,800 za kabonidayoksaidi. Ndio maana mkataba wa Montreal wa tarehe 16 Septemba 1987, uliopiga marufuku CFC, ulisaidia na hili la joto bila kukusudia, na ndio maana mwaka wa 2016 nchi zilikutana Kigali zikaongeza kwenye orodha ya kupunguzwa gesi za friji kama R134a, ambayo ozoni haiigusi kabisa lakini kwa joto ni mbaya. Ofisi inayosimamia huo mkataba wa dunia nzima iko Gigiri, Nairobi, watu hawajui.

Wakulima wanahusika? Ama ni nyinyi mafundi tu?

Wako ndani. Kaunti ya Nakuru kule Naivasha, mashamba ya maua yalikuwa yanafukiza udongo na methili bromidi kabla ya kupanda, inaua minyoo na magonjwa yote, halafu inaponyoka hewani, na bromini kwa ozoni ni kali kuliko klorini. Nchi zetu zilipewa hadi 2015 kuiacha, isipokuwa ile ya kufukizia mizigo ya kuvuka mipaka. Mashamba yakaenda kwa mvuke wa moto, na kupanda kwenye kokopiti (maganda ya nazi yaliyosagwa) na pumisi (mawe mepesi ya volkano) badala ya udongo.

Ile haijapigwa marufuku ni ya mbolea. Ukimwaga DAP ama CAN kupita kipimo, vijidudu vya udongo vinageuza sehemu ya naitrojeni kuwa naitrasi oksaidi, inapanda pole pole, inafika kwa mwanga mkali, inavunjika, na vipande vyake vinakula ozoni. Kati ya zinazotolewa leo hiyo ndiyo inaongoza kwa kuharibu.

Na ozoni inarudi ama imeisha hivyo?

Inarudi, kwa vile kiwanda hakikuharibika. Jua liko, oksijeni iko, majagam wako, ni walaji tu wanapungua kidogo kidogo. Wanasayansi walikadiria mwanzoni mwa 2023 kwamba sehemu nyingi za dunia zitarudi hali ya 1980 karibu mwaka wa 2040, Aktiki 2045, Antaktika kama 2066.

Basi friza yangu niweke gesi gani?

Angalia kibandiko nyuma ya friza, weka ile imeandikwa hapo. Usikubali fundi akubadilishie gesi kwa kubahatisha, kompresa na mafuta yake yanaenda na gesi yake. Ikiwa unanunua mpya tafuta R600a, haina klorini na inashika joto la dunia kidogo tu, lakini inawaka kama gesi ya kupikia, kwa hivyo fundi akija na moto wa kuchomelea hajatoa gesi yote na kupitisha hewa, mtoe kwa nyumba. R22 iko kwa eyasii nyingi za zamani, kwa nchi zetu mwisho wake ni 2030, kwa hivyo ukiuziwa eyasii ya R22 kwa bei ya hurumia jua ni kwa nini inahurumiwa.

Na kama tabaka linavuja na huku chini friza inavuja, hizo ni vitu tofauti, mama mmoja alikataa kulipa akisema ozoni ndio imemalizia gesi yake.

Sisi hatujafika huko, mnajua aje ni kilomita 25?

Kuna wanaopeleka kifaa. Idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner, Nairobi, imekuwa ikirusha puto kila wiki tangu miaka ya 1990. Puto limebeba kisanduku chepesi chenye pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye maji yenye iodaidi ya potasiamu, ozoni ikiyagusa inatokea umeme kidogo, kifaa kinapima huo umeme na kutuma kwa redio huku kikipanda. Huku chini kinasoma ozoni kidogo tu, hadi kilomita 15 bado kidogo, halafu kuanzia hapo mstari unaanza kuvimba, unavimba hadi karibu 25 na kitu, ukaanza kurudi. Puto nalo linavimba kadiri hewa ya nje inavyopungua, likipita kilomita 30 linapasuka, kisanduku kinashuka popote upepo utaamua. Mara nyingi ni shambani kwa mtu.